Usiridhike na picha, hakikisha video imo ndani ya simu

[MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza kuhusu video ambazo ndugu zetu wanatutumia kutoka mbali, na namna ya kuzitazama mahali pasipo na mtandao.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Binamu yangu wa Bunia alimrekodi nyanya yetu akiwa mgonjwa. Video ilikuwa ya dakika sita. Aliiweka kwenye Google Drive yake, akanitumia. Nikiwa mjini nikaitazama mara mbili, bila shida. Nikasema moyoni, sasa ninayo. Jumapili nikapanda boda hadi Gorom kumwonyesha mama mdogo, ambaye hakuwa amemwona mama yake kwa miaka mingi.

Majirani wakakusanyika. Nikafungua simu. Picha ya nyanya ikatokea, amevaa kitenge chake, na katikati ya picha kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mama mdogo akaichukua simu, akaiweka sikioni. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona haongei?"

Nilimweleza kwa maneno yangu mambo ambayo nyanya alisema. Nikamwambia pia kwamba nyanya anaomba ajibiwe. Akasema, "Nataka kumsikia mwenyewe kwanza, ndipo nimjibu." Nikaahidi kurudi Jumapili ifuatayo. Nyanya alifariki Alhamisi.

Mama mdogo hakunilaumu. Lakini jibu lake halikufika. Kwa hiyo leo nawaomba mnisikilize vizuri, ili lililonipata mimi lisiwapate ninyi.

[MUZIKI MFUPI]

Video iliyo kwenye Google Drive au Google Photos tu haiko ndani ya simu yako. Imehifadhiwa katika kompyuta kubwa za kampuni, mbali sana, na watu wanasema iko "kwenye wingu". Picha ndogo unayoiona ni kama jina la mtu lililoandikwa mlangoni. Jina lipo, lakini mwenyewe hayupo nyumbani. Narudia: kuiona picha si kuwa na video.

Sasa tufanye nini? Kwa simu za Android, hatua ni hizi.

Kwanza, fanya kazi hii ukiwa mahali penye mtandao mzuri, kabla ya safari. Angalia video ina ukubwa gani: bonyeza vidoti vitatu vilivyo karibu na jina lake, kisha ufungue maelezo yake. Dakika moja ya video safi ya simu inaweza kufika MB 100 au zaidi. Dakika 10 zinaweza kukaribia GB 1. Hakikisha bando linatosha, na simu ina nafasi.

Pili, bonyeza tena vile vidoti vitatu, utafute neno la kupakua. Simu nyingi zetu zina Kiingereza, basi utaona "Download". Bonyeza, usubiri hadi imalizike. Video itaingia kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa, na utaifungua kwa programu ya video ya simu yako, au kwa VLC, ambayo ni ya bure.

Katika Drive utaona pia maneno "Make available offline". Hayo yanakuruhusu kufungua faili bila mtandao, lakini linabaki ndani ya programu ya Drive. Ukiifuta programu hiyo, au ukiondoa akaunti yako kwenye simu, nalo linaondoka. Kwa video ambayo hutaki ipotee, pakua. Iliyopakuliwa unaweza kuihamishia kwenye memori kadi, au kumpa jirani kwa Bluetooth bila kutumia bando hata kidogo.

Ikiwa neno la kupakua halipo, huenda mwenye video amezuia. Mpigie, mwombe afungue. Na kumbuka, video aliyokushirikisha mtu bado ni yake. Siku akiifuta, hata wewe huitazami tena, isipokuwa uliipakua.

Tatu, na hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi: ijaribu. Bonyeza alama ya ndege ili simu ikate mtandao wote. Fungua video uicheze mpaka mwisho, sauti pia uisikie. Ikicheza, unayo. Ikizunguka, huna. Ni bora ujue ukiwa nyumbani kuliko kujua mbele ya mama yako.

Wanaotumia Google Photos, kuna jambo moja zaidi. Programu hiyo inaweza kukushauri upunguze mzigo wa simu. Ukikubali, inafuta kwenye simu picha na video ambazo tayari ziko kwenye wingu. Utaendelea kuziona kana kwamba zipo. Kabla ya kukubali, pakia zile za muhimu kwenye memori kadi.

[MUZIKI MFUPI]

Labda mtu ataniuliza, kwa nini nihangaike wakati mtandao wa Juba siku hizi unapatikana? Kumbukeni Januari 2025. Baada ya video za mauaji ya Wasudan Kusini kule Sudan kusambaa, na ghasia kutokea hapa Juba, mamlaka ya mawasiliano iliagiza Facebook na TikTok zifungwe. Zilifunguliwa baada ya siku chache, lakini siku hizo aliyekuwa na picha za familia yake huko tu hakuweza kuzifikia kama kawaida.

Na akaunti pia huzeeka. Google inatoa GB 15 za bure, lakini akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo. Ufutaji huo ulianza Desemba 2023. Kama ulipoteza simu njiani ukikimbia, na bado unakumbuka neno la siri, tafuta simu ya mtu unayemwamini uingie kwenye akaunti yako. Ukimaliza, toka kabisa.

Lakini wazee wetu wanasema, tahadhari kabla ya hatari. Video iliyo ndani ya simu inaonekana na yeyote atakayeishika simu hiyo. Kama inaonyesha sura za watu walioteswa, au watu wanaojificha, fikiri kwanza kabla ya kuibeba njiani au kumpa jirani. Hiyo huenda ni salama zaidi ikibaki kwenye wingu. Mbebe nyanya, beba harusi, beba masomo ya watoto.

Jumapili ile ya pili nilirudi Gorom, video imo ndani ya simu. Mama mdogo aliitazama kimya mpaka mwisho, kisha akamjibu mama yake kwa sauti, kana kwamba yuko mbele yake. Sasa anayo kwenye memori kadi yake mwenyewe.

Leo jioni, kabla hujalala, chagua video moja tu ambayo ungeililia ikipotea. Bonyeza alama ya ndege. Ijaribu.

 

[MUZIKI WA KUFUNGA]