Tundra Inapokauka

Tundra ya kaskazini mwa Alaska imekaa juu ya ardhi iliyoganda kwa maelfu ya miaka. Kiangazi huyeyusha tabaka jembamba la juu tu, na humo ndimo mimea hutia mizizi. Barafu ya chini huzuia maji yasizame, hivyo udongo hubaki chepechepe ingawa mvua ni haba.

Joto likipanda, tabaka hilo huongezeka kina. Penye miteremko maji hutoroka na udongo hukauka. Penye barafu nyingi ardhi hudidimia na kuacha madimbwi. Vichaka hurefuka na kuzinyima mwanga nyasi fupi. Matawi yake hunasa theluji, nayo huikinga ardhi na baridi kali inayohitajika ili igande tena.

Ukavu una hatari kubwa zaidi, nayo ni moto. Mwaka 2007 radi iliwasha moto karibu na Mto Anaktuvuk, ukateketeza takriban kilomita za mraba 1,000 pamoja na mboji iliyorundikana kwa miongo mingi. Ardhi iliyopoteza blanketi hilo iliendelea kuyeyuka na kutitia miaka iliyofuata. Udongo ulioganda wa kaskazini una kaboni karibu maradufu ya iliyomo angani: ukiyeyuka mkavu hutoa kabonidioksidi, ukilowa hutoa pia methani.