Mazungumzo Baada ya Habari: Mvua, Umande na Maradhi ya Mizabibu



Adui mwerevu hashambulii ovyo. Hungoja giza, mvua au ukungu. Ndivyo yalivyo maradhi ya mizabibu yaitwayo ubwiri vinyoya. Jirani zetu wa Dodoma, nchini Tanzania, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wanajua kwamba mavuno yanayokomaa wakati wa mvua ndiyo yenye hatari kuliko yale ya kiangazi.

Katika nchi zenye majira ya baridi, kama Ufaransa, viini vya maradhi haya hulala ndani ya majani yaliyoanguka. Mvua ikinyesha, matone huvirusha hadi kwenye majani ya chini. Hapo vyahitaji maji, kwani jani likiwa kavu haviwezi kitu. Vikiyapata, huogelea, naam, huogelea hasa, mpaka kwenye vitundu vidogo ambavyo jani hupumulia, vikaingia. Kwa siku kadhaa mkulima haoni lolote. Kisha madoa ya manjano, kama ya mafuta, hutokea juu ya jani. Na ukipita usiku mmoja wa joto la wastani na unyevu mwingi, utando mweupe hutanda chini yake, ukiwa tayari kuchukuliwa na upepo kwenda mashamba mengine.

Mwaka 1882, Profesa Millardet wa Bordeaux aliona kwamba mizabibu ya kando ya barabara huko Médoc ilikuwa bado na majani mazima, ilhali mingine imepukutika. Wenyewe walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Polisi watafurahi kusikia kwamba dawa hiyo, iliyotangazwa mwaka 1885, imetokana na woga wa wezi!

Lakini dawa hiyo hukinga, haiponyi. Sharti iwe juu ya jani kabla ya mvua, na mvua kubwa huiosha. Mwaka 2023, joto na mvua za Juni zilieneza maradhi haya vibaya huko huko Bordeaux, penye wataalamu na mitambo ya kila namna.

Wala kiangazi si likizo. Ubwiri unga, ndugu wa maradhi hayo kwa jina tu, hauhitaji jani kulowa. Joto na kivuli cha majani yaliyosongamana vyatosha. Huo hukingwa kwa unga wa kiberiti na kwa kupogoa ili hewa ipite.

Kwa hiyo si haki kila mara kumshutumu mkulima kwa uvivu. Aliyenyunyiza siku moja baada ya mvua amefanya kazi ile ile, ila amepoteza fedha na mavuno. Alichokosa ni habari. Sisi twaona kwamba kituo cha polisi cha mashambani, ambacho hakifungwi usiku, chafaa kuwa na kipimamvua, na askari wa zamu aandike kipimo ubaoni kila asubuhi. Wakulima wengi wa Ulaya huanza kujihadhari pale machipukizi yafikapo sentimita 10, joto likiwa nyuzi 10, na mvua ya milimita 10 ikiwa imenyesha kwa siku moja au mbili.