Macho Mekundu: Kipimo Kipi, Wakati Gani?

Hotuba kwa wakazi kuhusu afya ya macho



Mapema mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na sehemu nyingine za Pwani. Ugonjwa huu ukiingia nyumbani, mtu hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki ya matone. Lakini kwa watu wazima kisababishi kikuu ni virusi, hasa adenovirusi, na antibiotiki haiui virusi.

Wengi huuliza: mbona mgonjwa hapelekwi maabara? Ni kwa sababu wengi hawahitaji. Macho ya virusi hutoa majimaji na kwa kawaida hupona yenyewe baada ya wiki moja hadi tatu. Kipimo huhitajika usaha unapotoka kwa wingi, ugonjwa unapokawia au kurudi, au dawa inaposhindwa.

Vipimo vikuu ni vinne.

Kwanza, hadubini. Usaha hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Gram. Jibu huweza kutoka siku hiyo hiyo, na gharama ni ndogo. Huweza kuonyesha bakteria wa kisonono, ambao hutoboa kioo cha jicho upesi wasipotibiwa. Virusi havionekani hapa.

Pili, kuotesha bakteria. Huchukua siku moja hadi tatu au zaidi, lakini hutaja bakteria na dawa inayomuua. Sampuli ichukuliwe kabla ya dawa kuanza, la sivyo bakteria huenda wasiote.

Tatu, kipimo cha haraka cha adenovirusi. Jibu hutoka kwa dakika kumi hivi. Kikisema virusi vipo, kwa kawaida vipo. Kikisema havipo, huenda vimejificha. Si kila kituo kina kipimo hiki.

Nne, PCR, inayotafuta vinasaba vya kijidudu. Hutambua adenovirusi, virusi vya malengelenge na klamidia, hata vikiwa vichache. Ni ghali na huhitaji mashine maalumu. Macho yakikaa mekundu kwa wiki kadhaa na klamidia ikashukiwa, hiki ndicho kipimo cha kutegemewa, maana kuotesha kwa kawaida hakuioni. Kisonono na klamidia huambukizwa kwa ngono. Kwa hiyo mwenzi naye hutibiwa, na matone pekee hayatoshi.

Ndugu wananchi, maumivu makali, kuona ukungu, mwanga kuumiza jicho au usaha mwingi havingoji kipimo wala foleni ya kesho. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Msitumie matone ya steroidi bila daktari, kwani yakikutana na malengelenge ya jicho yanaweza kuleta upofu. Msitie mate, mkojo wala maji ya majani machoni.

Kwa wengine wote, dawa ya kwanza ni sabuni na maji: nawa mikono, usifikiche macho, na kila mtu awe na taulo yake.