Mkono Upi? Maandishi ya Saratani ya Ngozi katika Nyanda za Juu Kusini



Chukulieni mkulima wa viazi mwenye ualbino, mkazi wa milima ya Uporoto. Baridi ya huku inadanganya. Mtu hupalilia hadi adhuhuri asihisi kuungua, kumbe kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi ya urujuanimno kwa asilimia 10 hivi, na Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700. Mikono ya shati ameikunja ili ashike jembe vizuri. Miaka inapita, ngozi inaota magamba, kisha kinatokea kidonda kisichopona.

Zahanati inaandika: “Kidonda mkononi. Kisafishwe.” Baada ya mwezi anapokewa na mhudumu mwingine, naye anaandika vilevile. Ukubwa haukuandikwa, wala muda, kwa hiyo hakuna awezaye kujua kwamba kidonda kimekua. Sasa sikilizeni maandishi haya: “Kidonda mgongoni mwa kiganja cha kulia, sm 3 kwa 2, kingo ngumu zimeinuka, kinatoka damu kikiguswa, miezi minane, ana ualbino, tezi za kwapani hazijavimba.” Anayesoma hayo hatamrudisha mgonjwa kwenye kusafisha. Atakata kipande cha nyama kipelekwe patholojia.

Majibu yakithibitisha saratani, mtunza kumbukumbu anaweka msimbo. Katika toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, melanoma ya mkono ni C43.6, saratani nyingine za ngozi ya mkono, bega likiwemo, ni C44.6. Msimbo huo hausemi kulia wala kushoto. Hautenganishi saratani ya seli za skwamasi, inayoweza kufika kwenye tezi za kwapani, na ile ya seli za basali, ambayo ni nadra kusambaa. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 1, 2022, linazitenganisha, 2C31 na 2C32, na upande wa mwili unaweza kuongezwa. Lakini mtunza kumbukumbu hana ruhusa ya kubuni. Daktari asipoandika, toleo jipya halitatusaidia kitu.

Kinachoniuma zaidi ni E70.3, msimbo wa ualbino. Ukiachwa, uvimbe umehesabiwa, mwenye ualbino hakuhesabiwa. Tutajengaje hoja ya losheni za kukinga jua na kliniki za ngozi kwa vijiji vya Mbeya na Iringa, ikiwa takwimu zetu wenyewe hazimwoni?

Vivyo hivyo makovu ya moto. Huku tunaota moto ndani, na watoto wanaungua. Kovu la mkononi linaweza kugeuka saratani miongo kadhaa baadaye. Aliyeandika “kidonda sugu” bila kulitaja kovu amefuta chanzo.

Kutoka Mbeya hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa akifika huko na barua isemayo “uvimbe umeondolewa”, bila majibu ya patholojia na bila kutaja kama kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, daktari atakuta kovu tu, na uchunguzi utaanza upya.

Ombi langu kwa wakufunzi ni moja: mwanafunzi apime kidonda kwa rula kabla ya kisu, kwa kuwa nyama hunywea ikishakatwa na kutiwa fomalini, na aandike upande kwa neno kamili, kulia au kushoto, kwenye faili, kwenye fomu ya maabara na kwenye chupa yenyewe.