Mlevi Kitandani kwa Daktari

Kila Novemba ikifika, swali lile lile hurudi studio, na safari hii limetoka Kabezi: je, ni kweli mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone pale kwenye jiwe la Mugere, hapa Burundi? Jibu ni fupi. Hapana. Walikutana Ujiji, upande wa Tanzania, na tarehe inayotajwa zaidi ni 10 Novemba 1871. Mugere walifika baadaye kwa mtumbwi, wakapokewa na chifu Mukamba. Walikuwa safarini kwenda kuhakikisha kama mto Rusizi unatoka Ziwa Tanganyika au unaingia. Unaingia.

Wala jiwe halijamdanganya mtu. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya Rumonge, kama kilomita 12 hivi, utalikuta pale juu likitazama ziwa, limechongwa majina mawili na tarehe: 25-XI-1871. Basi. Hakuna palipoandikwa kwamba walikutana hapo. Lakini majina mawili na tarehe ndivyo kadi ya harusi inavyoandikwa, na anayepita hujimalizia mwenyewe.

Na usiku ule wa Mukamba ulikuwa na vituko vyake. Stanley mwenyewe ndiye aliyeusimulia katika kitabu chake cha 1872, tena kwa uso mkavu kabisa. Chifu alikuwa mkarimu, pombe ikamiminwa bila kipimo, na Susi, mtumishi wa Livingstone, akalewa chakari. Kibanda kilikuwa giza. Usiku wa manane Daktari Livingstone akahisi mtu anapanda kitandani mwake na kulala ubavuni. Akadhani ni Stanley. Akafanya nini? Akasogea! Kwa adabu zake za kimisionari akampisha mgeni, naye akabaki ukingoni mwa kitanda.

Alfajiri baridi ikamwamsha. Akainuka kwa kiwiko amtazame mwenziwe, akamkuta Susi amejiviringisha blanketi zote, anakoroma. Stanley aliamshwa na sauti ya makofi: Daktari anampiga mlevi mgongoni huku akimkaripia, na mlevi hasikii. Msikilizaji, rudi kidogo pale katikati: alidhani ni Stanley, akasogea. Stanley aliandika hayo kumsifu mzee kwa upole wake, wala hakuona kwamba msomaji anaweza kucheka kwa sababu nyingine kabisa.

Hapo ndipo utamu wa historia hii ulipo. Mwandishi wa Marekani Susan Sontag, katika insha yake ya 1964 kuhusu vichekesho vya namna hii, alisema vilivyo safi ni vile ambavyo mwenyewe hakukusudia. Mwanamke wa Unguja anapojifunga kanga yenye maneno makali na kupita mbele ya mlango wa jirani, anajua anamlenga nani. Stanley yeye alirusha kijembe chake bila kulenga.

Mfano wake mkubwa ni ile salamu ya Ujiji. Watu wamejaa, Waarabu wa mji wamejipanga, mzungu mmoja tu mwenye ndevu za mvi amesimama mbele yao, na Stanley anavua kofia na kusema kwamba anadhani huyu ni Daktari Livingstone. Anadhani! Baadaye alieleza kwamba alitamani kumkumbatia, akaona haya mbele ya umati. Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, na siku hiyo alitaka kusikika kama bwana mkubwa.

Uingereza ilicheka mpaka ikachoka. Mwaka 1890 alipokwenda Oxford kutunukiwa shahada ya heshima, inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alimpokea kwa salamu ile ile, safari hii ikiwa na jina la Stanley. Mwaka 1968 kundi la The Moody Blues likaifanya jina la wimbo. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, anaona huenda hakuitamka kabisa: kurasa za siku ile ya Ujiji zimechanwa kutoka kwenye shajara yake, na Livingstone hakuitaja. Ikiwa ni hivyo, mtu huyu alichekwa maisha yake yote kwa maneno aliyojitungia mwenyewe, akiamini ni ya heshima.

Susi naye? Livingstone alipofariki mwaka 1873 huko Chitambo, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, na baadaye Uingereza ikawatunuku medali. Mlevi wa Mugere alikuwa mmoja wa walioiongoza safari hiyo.

Aliyesahaulika ni mwenyeji. Kwenye jiwe kuna majina ya wageni wawili. La Mukamba, aliyewapa mahali pa kulala na pombe, halimo. Kama huko Kabezi au Mugere yupo mzee aliyehadithiwa habari za chifu huyo, apige simu studio.