MALI BILA DAFTARI: KAZI YA REKODI ZA AFYA NA MAHALI PA KUISOMEA

  

Leo hatutazungumzia ugonjwa wala dawa. Tutazungumzia daftari la kliniki, na mtu anayelitunza. Tutaeleza kazi yake ni ipi, inasomewa wapi, na wewe mzazi uangalie nini kabla hujauza ng'ombe ili kulipa karo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali kubwa kupita zote nyumbani mwako ni mtoto.

Hebu tuanze na siku ya kliniki. Umefika zahanati asubuhi, mtoto yuko mgongoni na kijitabu cha mama na mtoto kiko mkobani. Mtoto anapimwa uzani, anadungwa chanjo, analia kidogo, mnarudi nyumbani. Wewe umemwona muuguzi na sindano. Lakini kabla hujatoka pale, mstari mmoja umeandikwa katika rejista ya chanjo: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, nambari ya simu ya mlezi, chanjo aliyopewa na tarehe yake.

Mstari huo una safari ndefu. Mwezi ukiisha, mistari yote inahesabiwa na kujazwa katika fomu ya jumla. Fomu inapelekwa kwa afisa wa rekodi wa kaunti ndogo, naye huhakikisha hesabu zimeingia katika mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Afya. Mfumo huo unaitwa DHIS2. Mwaka wa 2011 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuutumia nchi nzima kupitia intaneti. Hesabu hizo ndizo husaidia kuamua ni dozi ngapi zitumwe kwenye zahanati yenu.

Sasa jiulizeni, mstari ule usipoandikwa, au ukiandikwa vibaya, nini hutokea?

Kwanza, mtoto anapotea. Chukueni mfano wa chanjo ya pentavalenti, ile inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na ugonjwa wa Hib. Inatolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Mtoto akipata ya kwanza asirudi kwa ya pili, rejista iliyoandikwa vizuri humfichua. Jina lake hupewa mhamasishaji wa afya ya jamii, naye hubisha hodi nyumbani kuuliza kulikoni. Lakini kama kijiji hakikuandikwa, au nambari ya simu ina tarakimu moja isiyo sawa, nani atambishia hodi?

Pili, kijiji kizima kinaweza kudanganywa na hesabu. Ripoti ikisema karibu watoto wote wamechanjwa surua, na kumbe wengine walihesabiwa mara mbili, hakuna atakayeshtuka. Lakini surua haisomi ripoti. Inaambukiza upesi mno, na itawatafuta wale ambao hawakuchanjwa hadi iwapate.

Ndiyo maana nasema anayetunza rekodi ni mhudumu wa afya kamili. Hashiki sindano, lakini kazi yake inaweza kuokoa mtoto au kumpoteza. Wengi wetu tumezoea kumwita "yule wa faili". Jina lake la kazi ni afisa wa rekodi na habari za afya. Yeye ndiye anayehakikisha kwamba faili yako haichanganywi na ya mwenzako mwenye jina kama lako, kwamba daktari anajua dawa inayokudhuru, na kwamba vifo vya akina mama wakati wa kujifungua vinahesabiwa ili sababu zake zijulikane.

Huenda mzazi mmoja anasema, "Mimi nina msichana nyumbani amemaliza kidato cha nne. Kazi hii inasomewa wapi?"

Mahali panapojulikana zaidi ni Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, ambacho sote tunakiita KMTC. Mafunzo yake yalianza mwaka wa 1927, na siku hizi kina kampasi zaidi ya 70 katika kaunti mbalimbali, kwa hivyo si lazima mtoto aende Nairobi. Kozi yenyewe inaitwa rekodi za afya na teknolojia ya habari. Ngazi ya cheti huchukua miaka miwili, na diploma huchukua miaka mitatu. Kwa kawaida diploma huhitaji alama ya wastani ya C katika KCSE, na cheti huhitaji C ya kutoa. Yapo pia masomo yanayotakiwa kuwa na alama fulani. Soma tangazo la mwaka huo huo unaoomba, usitegemee la jirani wa mwaka juzi. Anayetaka kuendelea baadaye anaweza kusomea shahada katika chuo kikuu.

Mwanafunzi anajifunza nini huko? Wengine hudhani ni kupiga chapa tu. La. Anajifunza jinsi mwili unavyofanya kazi na majina ya magonjwa, ili aelewe alichoandika daktari. Anajifunza kuyapa magonjwa alama za kimataifa, ili malaria ya Busia na malaria ya Kilifi zihesabiwe kwa kipimo kimoja. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, kwa mfano, malaria ziko kati ya B50 na B54. Orodha mpya zaidi, ICD-11, ilianza kutumika rasmi Januari 2022, kwa hivyo hata waliohitimu zamani wana la kujifunza. Anajifunza takwimu, kompyuta, kupanga na kulinda kumbukumbu, na sheria ya kutunza siri za wagonjwa. Kisha anapelekwa hospitalini kwa mazoezi ya kazi.

Msidhani teknolojia hii ni ya wageni peke yao. Mwaka wa 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot kule Nandi, si mbali na Eldoret, ulianzishwa mfumo wa kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Mafunzo yaliyopatikana pale yalichangia kuzaliwa kwa programu iitwayo OpenMRS, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. Kituo cha mashambani, akina mama, kimeifundisha dunia.

Na kazi yenyewe inazidi kubadilika. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000, vifaa vya kazi pamoja na simu za kuandikia habari za nyumba wanazotembelea. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Oktoba 2024 bima mpya ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF, na wanachama huandikishwa na kuthibitishwa kwa mtandao. Mambo haya yote yanahitaji watu wanaojua afya na wanaojua kompyuta pia. Hata hivyo stima ikipotea, kalamu na rejista bado zinahitajika, na mwandiko mbaya bado ni hatari.

Je, kazi hii inamfaa nani? Inamfaa kijana mwangalifu, asiyeogopa hesabu, anayeweza kuketi akarudia kuhesabu mara ya pili bila kunung'unika. Zaidi ya yote, inamfaa mwenye mdomo wenye kufuli. Atasoma nani ana virusi vya UKIMWI, nani alipoteza mimba, nani alipigwa na mumewe. Kijana anayebeba maneno ya kijiji, hata akipata alama ya A, kazi hii si yake.

Na msichana aliyejifungua baada ya shule? Alama zake za KCSE hazikufa siku aliyojifungua. KUCCPS, ambayo hupokea maombi ya kujiunga na KMTC, imekuwa ikiwapokea pia waliofanya mtihani miaka ya nyuma. Mama mkwe na nyanya wakikubali kushika mtoto, anaweza kusoma.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wazazi huumia. Kuna vyuo vinavyojiita vya afya ambavyo havina kibali cha kufundisha kozi hii. Mzazi analipa karo miaka miwili, mtoto anavaa koti jeupe, anapiga picha ya kuhitimu, halafu hawezi kusajiliwa. Tangu mwaka wa 2016 Kenya ina sheria inayosimamia kazi hii, na ipo bodi ya wasimamizi wa rekodi na habari za afya inayosajili wahitimu. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo kama mtaalamu. Kwa hivyo kabla hujalipa hata shilingi moja, uliza maswali haya manne.

La kwanza: je, bodi imekiidhinisha chuo hiki kufundisha kozi hii? Usitosheke na cheti kilichoning'inizwa ukutani. Iulize bodi yenyewe.

La pili: je, hii ni kozi ya rekodi za afya, au ni masomo ya kompyuta ya kawaida yaliyobandikwa jina la afya? Omba kuona orodha ya masomo.

La tatu: mazoezi ya kazi yatafanyika katika hospitali gani? Chuo cha kweli hakibabaiki kwa swali hili.

La nne: karo yote kwa jumla ni kiasi gani, pamoja na malazi, sare, mitihani na usafiri wa mazoezi? Lipa kwa akaunti rasmi ya chuo na utunze risiti. Anayekuambia utume pesa kwa simu yake binafsi ili "akutafutie nafasi" ni mwizi, hata akiwa jamaa yako. Karo ikiwa nzito, uliza kuhusu mkopo wa HELB na msaada wa masomo wa eneo bunge lenu.

Na nisiwafiche: cheti si ajira. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, wahudumu wengi wa afya huajiriwa na serikali za kaunti, na nafasi hazitoki kila siku. Wengine huanza kwa kandarasi, wengine katika hospitali za misheni au za watu binafsi. Mwambie mtoto ukweli huu mapema, ili aingie akijua.

Kabla sijawaaga, lipo fungu lenu pia akina mama. Afisa wa rekodi hawezi kuandika asichoambiwa. Nenda na kijitabu kila unapokwenda kliniki, hata kama mtoto ana kikohozi tu. Taja jina lilelile kila mara, si leo jina la nyumbani na kesho la ubatizo. Toa tarehe halisi ya kuzaliwa. Ukihama au ukibadilisha nambari ya simu, sema. Na ukiona kosa katika kijitabu au kwenye kompyuta, omba lirekebishwe. Usione haya. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kujua habari zako zinatumiwa kwa nini, na haki ya kusahihishiwa zisizo kweli.

Kwa kifupi basi, tukumbuke haya. Mstari mmoja wa rejista unaweza kumrudisha mtoto kwenye chanjo. Anayeuandika ni mhudumu wa afya, na kazi yake ina chuo, sheria na bodi. Usilipe karo kabla ya kuuliza maswali manne. Na kijitabu cha mtoto kiwekwe pakavu, mahali ambapo hata baba anaweza kukipata usiku wa manane.

Jumatatu hii, ukifika kliniki, msalimu yule aliyeketi nyuma ya rejista. Kama una kijana nyumbani anayetafuta njia, muulize kazi yake inavyokwenda. Atakueleza mengi kuliko tangazo lolote.

 Hadi wakati mwingine, tunzeni afya, na tunzeni daftari. Kwaherini.