Vumbi Lisiue Kompyuta ya Kikundi

(Maneno tuliyowaambia wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja, ukumbi wa parokia, Kitui.)



Tunajua wengine wenu mmetoka nyumbani alfajiri na kuwaachia jirani mbuzi na watoto. Kwa hiyo hatutawachosha kwa maneno mengi. Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo sana: vumbi linaloingia ndani ya kompyuta ya kikundi.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Kuna kikundi kimoja, jina hatutalitaja, tulichokisaidia kupata kompyuta ya mitumba ya kuwekea hesabu za akiba na mikopo. Tuliwafundisha kuiwasha, kuandika hesabu na kuizima. Juu ya vumbi hatukusema neno. Kiangazi kilipofika, kompyuta ikaanza kuzimika yenyewe, tena siku ya mkutano, wakati wanachama wanataka kuonyeshwa pesa zao. Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya tatu wakaanza kunong'ona: "Mbona inazimika tukiuliza pesa tu? Huyu mama mweka hazina anaficha kitu." Mama wa watu alijitetea mpaka akachoka, akaacha kazi.

Tulipoitwa tulienda na fundi. Alipofungua sanduku sote tulinyamaza. Vumbi jekundu lilikuwa limelala mle ndani kama blanketi. Na kwa nini ilizimika siku ya mkutano? Kumbe siku hiyo akina mama walikuwa wakiifunika kitambaa kizuri cha kushona kwa mkono, ipendeze mbele ya wageni, na kitambaa kiliziba matundu yaliyobaki! Fundi alipiga brashi kama nusu saa, akafunga, akawasha. Ikafanya kazi mpaka jioni. Hesabu zote zilikuwemo, hata shilingi moja haikupotea. Wanachama walimwomba yule mama msamaha, naye akasamehe. Lakini kwenye kiti cha mweka hazina hakurudi. Kikundi kilipoteza mtu mwaminifu kwa sababu ya vumbi, na sisi tulioleta mashine bila kufundisha kuitunza tuna sehemu yetu katika kosa hilo.

KWA NINI VUMBI HULETA JOTO

Wengi wetu huliita lile sanduku zima "sipiyu". Hasa, sipiyu ni kile kidude kidogo kilicho ndani, ambacho ndicho kinachopiga hesabu. Kikifanya kazi kinapata joto. Juu yake kuna kipande cha chuma chepesi chenye mapezi, mfano wa rejeta ya gari, na feni ya kupitisha hewa kwenye mapezi hayo. Sasa, rejeta ikijaa matope gari hufanyaje? Huchemka. Kompyuta ni vivyo hivyo. Vumbi likijaa kati ya mapezi, joto halina pa kutokea.

Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba tukihimizana kuweka akiba. Vumbi nalo linaweka akiba yake kila siku! Joto likikaribia nyuzi 100, sipiyu nyingi hupunguza mwendo, na likizidi hujizima zisiungue. Kwa hiyo kule kuzimika si uchawi wala ujanja wa mtu. Na tukipuuza, vipuri huchakaa kabla ya wakati wake.

Dalili ni hizi: feni inapiga kelele kuliko kawaida; sanduku ni la moto ukiligusa; kompyuta ni nyepesi asubuhi lakini mchana inajikokota; inazimika, na ikipumzika inawaka tena.

MAMBO YA KILA SIKU

Kompyuta isikae sakafuni. Iwekwe juu ya meza imara, mbali na dirisha la upande wa barabara, mbali na jiko na kinu cha posho. Nyuma yake iachwe nafasi ya shubiri moja ili hewa ya moto itoke. Chumba kama ni cha udongo, nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia, na ufagie kompyuta ikiwa imezimwa na kufunikwa. Leso au kitambaa ni kizuri sana, lakini tukumbuke: IKIZIMWA NA KUPOA, IFUNIKE. KABLA YA KUIWASHA, IFUNUE.

KILA MIEZI MITATU

Wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Septemba, usingoje dalili. Fanyeni hivi:

1. Zimeni kompyuta, zimeni swichi ya ukutani, kisha ng'oeni waya zote. Stima yetu ni volti 240, haina mchezo. Iachwe ipoe.

2. Ipelekeni nje kivulini. Simameni upande upepo unakotoka, na mjifunge kitambaa puani.

3. Fungueni ubavu wa sanduku kwa bisibisi. Misumari ya skrubu iwekwe kwenye kifuniko cha chupa isipotee.

4. Kabla ya kugusa cho chote ndani, gusa chuma kitupu cha sanduku. Hewa ikiwa kavu mwili hubeba umeme kidogo unaoweza kuua vipuri.

5. Chukua brashi ya rangi, laini, mpya na kavu. Shika feni kwa kidole isizunguke, kisha ondoa vumbi taratibu kwenye feni, kwenye mapezi na kwenye matundu ya mbele na nyuma.

6. Funga, rudisha waya, washa, na utazame kama feni zinazunguka.

Tafadhali, msifanye haya: msifute ndani kwa kitambaa chenye maji, msipulize kwa mdomo, maana mate hutoka, msiipeleke kwa fundi wa pancha ipigwe upepo, kwa sababu pampu ile huwa na maji na mafuta. Msing'oe kile kipande chenye mapezi. Na lile boksi la chuma linaloingiza stima msilifungue kamwe, kwa kuwa hubaki na umeme hata waya ikiwa imeng'olewa. Kama mmesafisha na bado inazimika, basi kuna kasoro nyingine. Mwiteni fundi.

NI KAZI YA NANI?

Hapa ndipo vikundi vingi hushindwa. Kitu cha wote kinakosa wa kukifagia. Tunawaomba mchague watu wawili, mmoja mama na mmoja kijana, na tarehe ya kusafisha iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kama mnavyoandika michango. Safisheni mbele ya wanachama. Wakiona vumbi kwa macho yao, hakuna atakayesingiziwa.

Na kile kitabu cha hesabu cha zamani msikitupe. Endeleeni kukiandika sawasawa na kompyuta. Mashine hata ikisafishwa ipo siku itaharibika, na siku hiyo mweka hazina awe na kitu cha kuwaonyesha wenzake.

Ndugu zetu, brashi ni pesa kidogo. Mtu mwaminifu akishavunjwa moyo, hakuna duka la kumnunua mwingine. Mkirudi nyumbani leo, kabla hamjawasha kompyuta, chukueni tochi mumulike kwenye yale matundu ya nyuma. Halafu mtuambie mkutano ujao mmeona nini.